Bi Pimbi na Hodi Tatu

Kwanza apeni. Wewe, na wewe, na wewe unayetafuna miwa: semeni wallahi hatusemi. Semeni! Haya. Maana hii nimepewa kwa siri, na mkiipeleka kisimani mimi simo, nitawaruka mchana kweupe.

Nitue mzigo?

Tua!

Mzito!

Tutakupokea!

Basi kaeni vizuri. Sogea mama, umenikalia kanga.

Hapo kale, kwenye mlima wa mawe matupu, alikaa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Kadogo, kanono, mkia hana, masikio kama vifungo vya koti. Lakini sauti! Sauti aliyopewa yule, wanangu, mngedhani kameza ng'ombe mzima. Akiifungulia: kriii, kriii, kriii-YAAAH! Mawe yanatikisika.

Siku moja, angali kigoli, wakaenda harusini. Bibi harusi kutolewa nje, Pimbi akapiga kigelegele: kriii-YAAAH! Bi Kanga, aliyekaa mbele yake, akageuka. "Eh! Mtoto huyu sauti kama mlango wa zizi." Watu wakacheka kidogo, wakaendelea na pilau lao. Basi. Ndiyo hayo tu. Bi Kanga mwenyewe alisahau kabla hajanawa mikono.

Pimbi hakusahau. Toka siku ile akaifungia sauti yake. Nani kamkataza? Baba hakumkataza. Mama hakumkataza. Kajikataza mwenyewe. Akisema, fyu, kama jani linadondoka. Akicheka, kaziba mdomo. Akiumwa, analia ndani kwa ndani. Watu wakamsifu: "Mpole huyo, jamani!" Na sifa zikamkolea.

Sasa, mlima ule ulikuwa na sheria moja. Mgeni haingii bila hodi. Anapiga hodi tatu. Akiitikiwa, anapita. Asipoitikiwa, anageuka, anakwenda zake. Ama nyumba haina mtu, ama mwenyewe hamtaki.

Pimbi alikaa pangoni kwake peke yake, anamngoja dada yake, Perere. Tumbo moja hao. Perere kaolewa msituni, ng'ambo ya bonde, na siku ya kuagana alimwambia, "Nitakuja kukuona, mdogo wangu. Ila usihame. Nyumba nyingine siijui."

Kwa hiyo Pimbi hahami, wala mbali haendi. Kila anayebisha, moyo unamruka.

"Hodi!"

"Karibu," fyu.

"Hodi!"

"Karibu," fyu.

"Hodi!"

"Karibu, pita ndani," fyu.

Akikimbilia mlangoni, hakuna mtu. Nyayo tu. Pimbi anatikisa kichwa. "Watu wa siku hizi hawana subira kabisa."

Sasa kwenye mlima huohuo alikuwepo Bwana Nyani. Mabega hayo! Tumbo hilo! Nyuma nako, msiniulize. Mlafi huyo! Alikuwa na mapango kumi na moja, na kulala analala katika moja. Kayapataje? Anavizia mwenyewe katoka, anamchukua Mzee Kobe awe shahidi, anabisha hodi tatu za mbiombio, kisha, "Hakuna mtu! Pango langu!" Na Mzee Kobe ni mkweli, husema alichosikia, basi.

Siku hiyo akaja kwa Pimbi.

"Hodi!"

"Karibu," fyu.

Nyani alisikia. Masikio anayo! Akacheka puani. "Mzee Kobe, umesikia kitu?"

"Sijasikia, mwanangu."

"Hodi!"

"Karibu," fyu.

"Umesikia?"

"Sijasikia."

Pimbi kule ndani kashaelewa. Sauti ikapanda, ikafika kooni, kri... Akaukumbuka mlango wa zizi. Akaimeza.

"Hodi!"

"Karibu," fyu.

"Langu!" Nyani akaingia, akamshika Pimbi ukosi, akamtupa nje kwa tundu la nyuma, Mzee Kobe asimwone, puu!

"Bwana Nyani, mimi nipo! Nimeitikia!" fyu, fyu, fyu.

"Mzee Kobe, unasikia upepo huo?" Nyani akasema. "Mvua inakuja."

Pimbi akakaa juu ya jiwe, mikono shavuni. Hakulilia pango. Alimlilia Perere. Dada akija atabisha hapo, ataitikiwa na Nyani, atadhani mdogo wake kafa. Pango lile lisiporudi, dada hamwoni tena.

Akawaza, akawaza. Ndani ya mlima, mapango yote yameungana kwa nyufa. Nyani hapiti humo, hata kidole hakitoshi. Pimbi anapita. Na Nyani, kwa kuwa sheria ndiyo iliyomtajirisha, anajifanya mstaarabu kuliko wote: hata kwake haingii bila hodi.

Kesho yake Nyani kaenda kula, kala mpaka tumbo linagusa magoti. Alasiri anarudi na Mzee Kobe, amtembeze aone mali. Akafika pango la kwanza, akajikohoza.

"Hodi kwangu!"

"KARIBUUU! Kriii-YAAAH!"

Nyani akaruka nyuma, akamkalia Mzee Kobe.

"Na-na-nani humo?"

"MWENYE NYUMBA! Nani mwenzangu?"

"Mzee Kobe, umesikia?"

"Hata kaburini ningesikia, mwanangu. Niondokee mgongoni. Nyumba imeitikia, ina mwenyewe."

Wakaenda la pili. Pimbi ndani ya nyufa, kacha kacha kacha.

"Hodi!"

"KARIBUUU!"

"Ina mwenyewe," akasema Mzee Kobe.

La tatu. Kacha kacha kacha. "KARIBUUU!" "Ina mwenyewe." La nne. La tano. Pimbi anakimbia, anapiga ukelele, anashangaa. Utamu gani huu! Koo linawaka, kifua kimefunguka, na mlima wote unaitikia pamoja naye.

Wakafika la kumi na mbili, lile la Pimbi. Nyani jasho chapachapa. Safari hii akainama, akanong'ona, "Hodi," fyu.

"Sema kwa sauti, mwanangu," akasema Mzee Kobe. "Sijasikia."

Akanywea. "Hodi."

"KARIBUUU! Kriii, kriii, kriii-YAAAH!"

Nyani huyoo! Mpaka leo analala juu ya miti, na hodi habishi popote.

Wenye mapango wakarudi makwao. Pimbi kasimama mlangoni kwake, anacheka mdomo wazi, meno yote nje. Mzee Kobe akamsogelea taratibu.

"Kumbe wewe upo humu, binti?"

"Nipo siku zote, mzee wangu."

"Siku zote? Hata mwaka ule wa njaa?"

"Nilikuwepo. Sijapata kuhama."

Mzee Kobe akaingiza kichwa gambani. Akakitoa.

"Dada yako alikuja mwaka ule. Watoto wawili, mmoja mgongoni. Nilikuwa pale majanini. Alipiga hodi tatu."

"Niliitikia!"

"Mimi sikusikia. Naye hakusikia. Alisimama kidogo, kisha akasema, 'Mdogo wangu hanitaki.' Akamfuta mtoto kamasi, akashuka. Msituni kwake hakurudi. Alivuka milima ile. Alikokwenda hakuna ajuaye."

Pimbi akatoka mbio. Akapanda juu ya jiwe refu kuliko yote, akatazama milima ile, akaita, "KARIBUUU!" Bonde likamrudishia: buuu. Akaita tena. Akaita mpaka sauti ikakauka, akanywa maji, akaita.

Basi mkimsikia pimbi analia mlimani, kriii, kriii, kriii-YAAAH, msiseme anapiga kelele. Hapigi kelele. Anaitikia hodi ya dada yake.

Mnanitazama nini? Mafunzo? Mafunzo yapo, tena mazuri. Sauti ni aibu, wanangu, ifungieni. Mkiambiwa neno moja harusini lishikeni mpaka mzeeke. Aliyelisema keshasahau, nyie msisahau. Na mgeni akibisha, mwitikieni moyoni. Kama anawapenda kweli, atasikia. Ha! Ha! Haaa! Atasikia!

Mzigo nimeutua, ngata naondoka nayo.

Nani kanihadithia? Siwatu binti Shemdoe, wa nyumba ya tatu toka kisimani. Ndiyo, huyohuyo mnayemwita bubu. Si bubu.