Nyuki Masikioni mwa Lusajo

"Chombo hupimwa kikinyamaza." Mmemsikia Tupokigwe akisema hivyo, na sasa mmenigeukia mimi mnataka kujua methali hii imetoka wapi. Haya, wekeni bisibisi chini. Msidhani ni ya wahenga. Imezaliwa hapa hapa Tukuyu, na chanzo chake ni kosa langu mimi, Mwakipesile, fundi wa redio wa miaka arobaini. Ilianza hivi.

Kliniki ya masikio iliniletea mashine ya kupimia usikivu wa watoto. Mashine ile hutunza sauti kama namba tupu, na ndani yake mna kidude kiitwacho kigeuzi. Kazi yake ni kugeuza namba kuwa umeme, nao ukifika kwenye hedifoni unasikika. Kigeuzi kilikuwa kimeungua. Nikafunga kipya, nikakijaribu kama tunavyojaribu redio zote mtaa huu, kwa nguvu zote. Nikakipa namba kubwa kuliko zote, mita ikasoma volti mbili kamili. Nikakipa ya chini kabisa, ikasoma volti mbili upande wa hasi. Katikati hakikuruka hatua hata moja. Nikaunganisha spika kubwa, wimbo ukalia mpaka wapita njia wakacheza. Nilijiona fundi kweli kweli!

Tupokigwe, msaidizi wangu, ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuoni. Akasema, "Fundi, tukipe na sifuri, tusikilize kinavyonyamaza."

"Sifuri ina nini cha kusikiliza?" nikamjibu. "Umewahi kuona mteja anaulizia redio inayonyamaza vizuri?"

Watu wakacheka. Yeye akafunga boksi, mashine ikaenda.

Siku ya tisa Mama Lusajo, jirani yangu, akaingia hapa analia. Mwanawe Lusajo, wa miaka mitano, alikuwa amepimwa kliniki, na daktari akaona hasikii sauti ndogo hata moja. Barua ilikwisha kuandikwa: Jumatatu mtoto apelekwe shule ya bweni ya viziwi, mkoa mwingine.

"Fundi, mtoto huyu nikifungua pipi chumbani anatoka uani mbio! Leo naambiwa ni kiziwi? Nitamwachaje kwa watu, mtoto mdogo hivi?"

Tupokigwe akanitazama. Nikaikumbuka ile sifuri. Nikamwita Lusajo, aliyekuwa ameshika kanga ya mama yake.

"Baba, walipokuvalisha vile vya masikioni, ulisikia nini?"

"Nyuki," akasema. "Nilimwambia daktari kuna nyuki, akaniambia nitulie."

Tukaenda kliniki wote wanne mchana ule ule. Tupokigwe akaipa mashine sifuri, nami nikavaa hedifoni. Palipotakiwa kuwa kimya palikuwa na mvumo. Akaunganisha kompyuta yake, ikachora mvumo ule kwa kuupanga kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Mstari wote ulikuwa umeinuka, na upande wa sauti nzito ulisimama mwiba mmoja mrefu. Nikaujua mara moja: umeme wa ukutani. Waya wa ethi wa kigeuzi nilikuwa nimeufunga kwenye skrubu moja na ule wa transfoma, kama tunavyofanya kwenye redio, na mvumo ukapenyea hapo. Kwenye redio muziki huufunika mvumo. Kwa mtoto anayesubiri sauti ndogo kuliko mnong'ono, mvumo ndio unaofunika.

Aibu niliyoiona siku ile, wacha tu. Nikamwambia daktari mbele ya yule mama, "Mtoto hana kasoro. Kasoro iko kwenye mashine, na aliyeiweka ni mimi."

Nikatenganisha nyaya. Tupokigwe akachora tena; mwiba ukazama, mstari ukalala chini. Lusajo akavalishwa, akaambiwa anyooshe mkono kila akisikia. Mkono ukainuka. Sauti ikapunguzwa, mkono ukainuka. Ikapunguzwa hadi mwisho wa mashine, na mkono ukainuka tena. Mama yake akakaa sakafuni, analia na kucheka. Daktari akaichana barua, kisha akawaita upya watoto wengine kumi na mmoja aliowapima kwa mashine ile. Tisa kati yao walikutwa wazima.

Njiani kurudi nilikuwa nimenywea. Mama Lusajo akanitazama, akasema bila kunionea haya, "Fundi, wewe uliisikiliza ilipopiga kelele tu. Kumbe chombo hupimwa kikinyamaza!"

Kesho yake akaipeleka methali hiyo sokoni, na huko ikaota miguu. Mchumba akija na maneno matamu, mgombea akija na ahadi, utawasikia akina mama wanaitoa. Na mimi sikasiriki, maana wanasema kweli.

Jumatatu ile gari la shule ya bweni likaondoka bila Lusajo. Nilikuwa hapa mlangoni nikamsikia mama yake akimwita, polepole kabisa, kama mtu anayejaribu kitu. Kutoka nyuma ya nyumba ikaja sauti: "Naam, mama!"

Chombo hupimwa kikinyamaza.