Habari za Mjini

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa mji, majani yake yanauzwa.
— Na maji yake je?
Yanauzwa. Sogeeni basi, na hii si hadithi ya kuchekea.

Hapo kale palikuwa na Punda, mjane, na mwanawe mmoja, Kihongwe. Walikaa kijijini. Siku moja Punda akamwambia mwanawe, "Naenda mjini kubeba mizigo. Nabeba mimi ili wewe usibebe." Akaenda, akaajiriwa na Fisi, tajiri wa mawe ya kujengea. Mshahara wake debe moja la mtama, kila mwezi ukiandama.

Kijijini debe zima ni utajiri. Lakini mjini, jamani, majani yanauzwa kwa fungu. Maji yanauzwa kwa ndoo. Hata kivuli cha kulala kina mwenyewe, na mwenyewe ni huyo huyo Fisi. Mwezi haujafika nusu, Punda anakwangua debe tupu, na mgongo umechubuka. Alitaka kumpelekea mwanawe kibaba kimoja tu. Hakuweza, na ilimuuma sana.

Akaenda kwa Fisi kuomba nyongeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Kama nzuri, umefuata nini?"

Punda akageuka, akarudi kwenye mawe. Mwezi wa pili akaenda tena, akaulizwa habari, akajibu nzuri, akarudi kwenye mawe. Mwezi wa tatu vilevile. Msimcheke. Nani hapa huulizwa habari na tajiri wake akajibu mbaya?

Kulikuwa na Kunguru, mpita njia kati ya mji na kijiji. Kila akipita alimuuliza Punda habari za mjini. Punda hujibu nzuri, na Kunguru huzifikisha nyumbani hivyo hivyo. Kihongwe akakua akisikia nzuri, nzuri, nzuri, na punje haioni. Akasema moyoni, mama anakula peke yake.

Ikafika siku Punda yuko langoni kwa Fisi, shogi limemwelemea, yale makapu mawili ya mgongoni yamejaa mawe. Akaona kijana mrefu anazungumza na tajiri. Ni mwanawe. Anauliza kama mshahara wa pale unatosha kuishi.

"Mimi tajiri, huenda usiniamini," Fisi akasema. "Muulize mama yako."

Kihongwe akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Habari za mjini?"

Fisi akatabasamu, maana jibu analijua. Punda akalitoa neno ambalo hakuwahi kulitoa.

"Mbaya, mwanangu. Mbaya kabisa. Rudi nyumbani."

Kihongwe akamtazama kwa uchungu. "Miaka yote zilikuwa nzuri, mama. Nimefika mimi, zimekuwa mbaya?"

Akasogea kwa Fisi, akatoa mgongo. Fisi akamvika shogi jipya, akalikaza taratibu.

Nami nimewaacha palepale, mama mbele, mwana nyuma, mawe juu. Na nyinyi wenzangu, habari za mjini?
— Nzuri!
Haya. Hadithi yangu imefia hapo, kwenye neno hilo hilo.