Jiwe la Kisima cha Nyamizi

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na asiye na hasira aazime kwa jirani yake, maana kisa hiki hakisikilizwi kwa kucheka.

Katika kijiji cha Mwabundu walikuwapo vijana watatu, waandishi wa programu za kompyuta, waliopanga chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo. Minza alikuwa na kipaji cha kupatanisha vitu visivyofanana. Lubango alikuwa na kipaji cha subira; angeweza kukaa na kitu kibovu tangu asubuhi mpaka kikubali kwenda. Kabula alikuwa na kipaji cha kuuliza, na akishauliza haondoki mpaka ajibiwe.

Jumatatu moja aliwabishia hodi Bibi Nyamizi, mjane wa mzee Kasuka. Shemeji yake, Lugendo, alikuwa amemfukuza kwenye shamba ambalo yeye na marehemu walilifyeka kwa mikono yao na kuchimba kisima ndani yake. Lugendo aliliambia baraza la ardhi kwamba shamba ni la ukoo, na jina la mwanamke huyu halimo katika andiko lolote la kijiji. Baraza likampa bibi mpaka Ijumaa alete andiko lenye jina lake. Siku nne! Mtu ameishi mahali miaka arobaini, leo anaambiwa athibitishe kwamba yupo.

"Wajukuu zangu," bibi alisema, "mimi kusoma sijui. Nitafutieni. Atakayenirudishia shamba langu, kisima kitaitwa kwa jina lake."

Ahadi hiyo si ndogo. Mwabundu kisima hubeba jina la mtu mmoja, huchongwa kwenye jiwe la ukingoni. Majina mawili hayachongwi. Wenyewe wanasema kisima cha majina mawili hukauka. Mwenye kisima akifa jina lake hufutwa, na kisima kikikutwa na mvua za kwanza bila jina jipya, yeyote anaweza kukidai, pamoja na shamba linalokizunguka.

Maandishi ya kijiji yalikuwa ya aina tatu: mihtasari ya mikutano iliyopigwa chapa, ujumbe wa simu wa viongozi wa miaka ya karibuni, na picha za daftari la zamani lililoliwa na mchwa. Kurasa maelfu, na kila aina ilitaka kusomwa kwa namna yake.

Minza ndiye aliyeanza. Aliandika mapatano ya mistari michache tu: andiko lolote, litoke litokako, lazima lijibu maswali matatu. Una herufi ngapi? Herufi iliyoko nafasi fulani ni ipi? Nikatie kipande kutoka hapa hadi pale. Na nafasi, akaandika kwenye mstari wa pili, zihesabiwe kuanzia sifuri, kama ilivyo desturi ya kazi yao. Basi. Mapatano yenyewe hayakusoma hata herufi moja, lakini bila hayo wangehitaji kuunda watafutaji watatu tofauti, yaani programu tatu za kutafuta majina, na siku hazikuwapo.

Lubango akafuata. Alichukua kila aina ya andiko akaifundisha kujibu yale maswali matatu. Mihtasari ilikubali Jumatatu hiyohiyo, ujumbe wa simu Jumanne. Daftari lilimtoa jasho. Kurasa zilikuwa na matundu, wino umefifia, mwandiko wa karani umelala kama nyasi zilizokanyagwa. Alisafisha picha moja moja, akaunga vipande, akalifanya kila jina andiko lake, macho yakawa mekundu.

Kabula akamalizia. Aliandika mtafutaji mmoja asiyejali kama herufi zimetoka kwenye simu au kwenye daftari. Yeye huuliza tu: ngapi, ipi, nikatie, kisha hulinganisha na jina analolitaka. Alhamisi saa nne asubuhi akaiamuru kompyuta imtafute Nyamizi. Ikajibu: hayumo.

Akarudia. Hayumo.

Na hapa ndipo damu hunichemka. Vijana watatu, macho sita, wakaiamini mashine kuliko bibi aliyekaa mbele yao kwenye ndoo iliyopinduliwa! Kabula, kwa aibu, akamfungulia orodha ya daftari, ukurasa wa majina yanayoanza na N. "Ona mwenyewe, bibi, jina lako halimo," akasema, akiyapitisha haraka, uso ameugeuzia dirishani.

"Simamisha hapo," bibi akasema. "Marehemu alinifundisha jina langu kwa vidole. Kila herufi na kidole chake. Langu ni vidole saba." Akavigusisha kwenye kioo, kimoja baada ya kingine. "Hapa ni sita. Nani amenikata mkia?"

Kweli, iliandikwa Nyamiz. Juu yake na chini yake, kila jina la daftari lilikuwa limepoteza herufi ya mwisho. Lubango, kwa uchovu, alilihesabu daftari kuanzia moja, kama mtu anayehesabu mbuzi wake. Nafasi ya sifuri ikatoka tupu, na herufi ya mwisho ikaachwa nje. Akarekebisha mstari mmoja. Kabula akauliza tena. Nyamizi akatokea, ukurasa wa mia mbili na nne, ekari sita, na chini yake jina la shahidi: Lugendo.

Shahidi! Aliyeshuhudia kwa mkono wake mwenyewe ndiye aliyesimama barazani kuapa kwamba jina halimo. Mtu hana haya, hana soni, na chakula kinampita kooni!

Ijumaa baraza likamrudishia bibi shamba lake. Jumamosi fundi wa mawe akaja kisimani na patasi. "Nichonge jina la nani?"

"Langu," Minza akasema. "Bila mapatano yangu mngekuwa bado mnahangaika na ujumbe wa simu."

"Mapatano yako hayajawahi kusoma hata A!" Lubango akawaka. "Jina lilitoka kwenye kurasa zangu."

"Ulizozikata mkia," Kabula akadakia. "Kuanzia sifuri, mstari wa pili, hukuona? Mimi ndiye niliyeuliza, na mimi ndiye niliyejibiwa."

"Nani duniani anahesabu kuanzia sifuri? Ukinunua nyanya, ya kwanza unaiita sifuri?"

"Na wewe Kabula," Minza akasema, "uliambiwa hayumo ukageukia dirisha."

Bibi Nyamizi aliketi ukingoni mwa kisima. Alikuwa ameinua vidole vyake saba, anavitazama.

Wiki ya tatu sasa wanagombana. Mawingu yamejikusanya upande wa mashariki, na jana Lugendo kaonekana ukingoni mwa kisima, yeye na fundi wake mwenyewe, wakilipima lile jiwe kwa kamba.

Basi nawauliza, na nauliza kwa uchungu, kwa kuwa mvua haitungoji: aliyepatanisha, aliyesafisha kurasa, aliyeuliza, au mwenye vidole saba? Jina ni moja tu. Nyundo iko juu. Wewe uliyekaa hapo, mwambie fundi: achonge la nani?