Matanga ya Fisi

Mwaka ule mvua iliisahau nchi ya wanyama, na mito ikabaki njia za vumbi. Kisima kimoja tu kilikuwa na tope chini yake, na tope halishuki kooni. Ilibidi kichimbwe zaidi. Lakini wachimbaji wangekula nini?

Simba aliita baraza. "Kila mwenye ghala atatoa debe moja katika kila kumi," akanguruma. "Asiye na ghala atachimba."

Fisi, mwenye maghala matatu ya mtama na nyama kavu, alihesabu kimoyomoyo madebe yatakayomtoka. Akasimama, akajifuta jicho lililokuwa kavu.

"Mfalme wangu, sisi wazima tutatoa. Ila mali ya urithi iachwe. Ile ni machozi ya wajane. Mfalme mwenye jina kama lako atayatoza machozi ushuru?"

Simba alipenda sana kusikia jina lake likisifiwa. "Mali ya urithi haitaguswa," akasema.

"Hata kama mjane ana maghala matatu?" Sungura akauliza.

"Hata kama. Nimeshasema."

Kesho yake alfajiri Fisi akafa.

Alikufa vizuri, juu ya mkeka, chini ya shuka lenye tundu la kupumulia. Mpango wake ulikuwa mwepesi: kisima kingechimbwa kwa chakula cha wengine, kisha yeye angerudi akijiita mdogo wa marehemu, aje amrithi mjane pamoja na maghala.

Jua halijapanda, Sungura akafika na wachimbaji wote, mikono kichwani.

"Pole, shemeji. Tunazika saa ngapi?"

"Bado," mke wa Fisi akababaika. "Tunangoja kaka zake kutoka mbali."

"Basi tutakaa matanga mpaka wafike. Mzee kama huyu haliliwi kwa tumbo tupu. Sufuria ziko wapi?"

Angesema nini? Msiba ni msiba. Akafungua ghala. Kila asubuhi walikwenda kuchimba, jioni wakarudi kulia, na kilio kile kiliwatia njaa ya ajabu.

Mkewe alipoinama kumfukuzia nzi, Fisi alinong'ona, "Wamefika wapi?"

"Ghala la pili."

"Wafukuze."

"Niwafukuze waombolezaji? Mume wangu, misiba yote uliyokwenda kula wewe, nani alikufukuza?"

Siku maji yalipobubujika kisimani, chungu cha mwisho kililetwa uani, ndani yake kidari kinachochuruzika mafuta. Fisi alijiambia: lala, umekufa. Pua yake ikakataa. Akaketi, shuka begani.

"Niachieni japo mfupa."

Hakuna aliyekimbia. Sungura alisogea kumpa nafasi. "Karibu, marehemu. Umechelewa kidogo."

Simba, aliyekuja kumlilia, alijikaza asionekane amedanganywa. "Aliyefufuka hana warithi. Leta ushuru wako."

Mke wa Fisi akafungua milango yote mitatu. Ndani alikuwamo panya mmoja tu, naye alikuwa akihama.

"Basi huna ghala," Simba akasema. "Kisima cha pili kinakungoja."

Katika baraza lililofuata Fisi alikuja na jembe, viganja vimechubuka, akaomba kusema.

"Debe moja katika kumi ni dharau kwa wachimbaji," akasema. "Matajiri watoe mawili. Na urithi nao usiachwe."

Ndivyo mkwepa ushuru alivyoishia: alilipa vyote alivyokuwa navyo, kisha akawa wa kwanza kudai wengine walipe.