Ufito na Upau

“Ufito haugeuki upau kwa kuezekwa.” Mmeusikia msemo huo leo, wajukuu zangu, mkaniuliza umetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Huko Upareni, mlimani, aliishi Sengondo na mama yake mjane, Nakiete. Nyumba yao ilikuwa inavuja kila pembe, na masika yalikaribia. Sengondo akaanza kumjengea mama nyumba mpya. Akawaita majirani waje msaragambo, kazi ya kusaidiana, kuezeka, na mama akawapikia pombe ya miwa, mitungi mitano.

Basi kuta zikasimama. Juu zilitakiwa pau kumi na mbili, miti minene kama mkono wa mtu mzima, ndiyo inayobeba paa. Fito ni vijiti vyembamba tu. Hulazwa juu ya pau ili nyasi zipate pa kufungiwa. Siku moja kabla ya msaragambo, Sengondo alikuwa na pau nane. Msitu wenye miti migumu ulikuwa mwendo wa siku nzima. Akiahirisha, pombe itachacha na watu watamcheka. Akafunga fito tatu tatu, akazipandisha mahali pa pau zilizopungua.

Mama akainua macho.

“Sengondo, hizo ni fito.”

“Nimezifunga tatu tatu, mama. Zina nguvu.”

“Hata ukifunga kumi! Ufito hubebwa, haubebi.”

“Nyasi zikishapanda, nani ataziona?”

“Mvua itaziona.”

“Aa, mama nawe! Watu wameshaitwa. Nitazibadilisha wiki ijayo.”

Watu wakaja, wakaezeka, wakanywa, wakaimba. “Sengondo, una mkono wewe!” wakamsifu. Akacheka nao. Lakini kila alipoingia ndani, macho yake yalipanda yenyewe kwenye zile fito, juu ya kitanda cha mama. Wiki ile ikapita, na nyingine, kila siku na kazi yake.

Masika yakaanza. Mvua ikanyesha siku nne bila kukata, nyasi zikanywa maji zikawa nzito. Asubuhi ya siku ya tano, Sengondo akiwa shambani anazibua mfereji, alisikia mlio kama wa kuni zinazovunjwa gotini. Akatupa jembe, akakimbia.

Majirani walewale wa msaragambo ndio waliofukua nyasi kwa mikono. Nakiete walimkuta ameshakata roho.

Kwenye matanga, mzee mmoja akamfariji Sengondo: “Pole, mwanangu. Mvua ya mwaka huu imezidi.”

“Mvua haina kosa, baba,” akajibu Sengondo, machozi yakimtiririka mbele ya watu wote. “Ufito haugeuki upau kwa kuezekwa.”