Sultani Aliyeamuru Mji Upite Kulia

Palikuwa na sultani mmoja wa Vumbani, jina lake Hilali, aliyenunua gari akaapa kwamba ataliendesha mwenyewe mpaka nchi ya mkwewe, ng'ambo ya mpaka. Akafunga tairi la akiba, akapakia jeki, madebe ya petroli na haluwa ya kutosha harusi mbili. Bima akakata, cheti cha kuvukia mpaka akapewa. Gari tayari, dereva ndiye bado. Fundi akamwambia, "Maulana, huko kwa mkweo watu huendesha upande wa kulia. Sisi hapa tumezoea kushoto. Jizoeze kwanza."

Ajizoeze nani? Sultani? Thubutu! Aliona heri mji mzima ujizoeze kwa niaba yake. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na asubuhi ile ililia kwelikweli: "Kuanzia leo, apitaye njia kuu apite kulia! Atakayekaidi, anachoendesha kitatiwa zizini mwa serikali, wala hakirudi!"

Mji ukawa vurugu tupu. Watu waliisikia amri, punda hawakuisikia. Punda wa Ngwali, muuza maji, alizoea kushoto tangu utoto wake, na ndiye aliyewalisha Ngwali, mkewe na wanawe. Mbele ya soko, gari la sultani likaja kwa mbwembwe. Punda akasimama. Gari likasimama. Askari wakamkokota punda zizini, na Ngwali wakamkokota barazani. Maskini yule, ulimi wake haukuwahi kujua woga.

"Hukuisikia mbiu?" sultani akanguruma.

"Niliisikia, Maulana, nikatii."

"Ulitii nini, wewe?"

"Mbiu ilisema tupite kulia. Nami nimelia tangu kisimani. Uliza soko zima, wengine wamenipa pole."

Baraza zima likakohoa, maana kucheka kulikatazwa.

"Mjinga wee! Kulia, mkono wa kulia! Mkono unaolia wali!"

"Wali, Maulana? Kwangu wali ni Idi hadi Idi. Mkono wenyewe umeshasahau kazi yake."

"Usinichezee! Ulikuwa kushoto!"

"Na wewe, Maulana, ulikuwa wapi?"

"Mimi? Kulia! Sultani hakosei njia."

"Tukapishana salama?"

"Tungepishanaje, nawe umenisimamia mbele, upande wangu ule ule? Punda wako nusura alambe taa ya gari langu!"

Ngwali akainama kwa adabu zake zote.

"Basi, Maulana, kwa kinywa chako mwenyewe, upande ulikuwa mmoja. Ukiwa ni wa kulia, nipe punda wangu niende zangu. Ukiwa ni wa kushoto, mwambie askari asifunge zizi, gari nalo linakuja."