Paa ni la Nani?

Hapo zamani za kale, wanangu, zile za kale hasa, wanyama watatu walijenga nyumba ya ghorofa kwa shirika. Chini alikaa Mzee Kiboko, katikati Bwana Nyati, na juu kabisa Bi Kindi na vitoto vyake viwili. Ua, paa na tangi la maji vilikuwa vya wote.

Siku moja paa likatoboka. Mvua ikinyesha, ti! ti! ti! maji yanaanguka kitandani kwa watoto. Yule mdogo akaanza kukohoa, na Bi Kindi akaumia moyo sana. Akaitisha kikao uani.

"Jirani zangu, paa letu linavuja. Tulitengeneze."

"Letu?" Kiboko akacheka, kho kho kho! "Mimi huku chini sijaona hata tone. Paa ni lako wewe unayekaa chini yake."

"Hata mimi nasema hivyo," Nyati akadakia.

Bi Kindi alikasirika mpaka mkia ukamsimama. Lakini akauliza kwa upole, "Langu peke yangu?"

"Lako!"

"Pamoja na vilivyo juu yake?"

"Vyote, mama, chukua! Tuache tukapumzike."

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Neno la kikao lilipigiwa mguu na wote watatu, na halikutenguliwa mpaka wote watatu wakutane tena uani walipigie mguu upya. Kiboko akapiga, dhuu! Nyati akapiga, dhuu! Bi Kindi naye akapiga, ti. Kisha huyoo, akapanda ngazi mbio huku akitabasamu.

Kesho yake asubuhi Kiboko alikuwa anaoga huku akiimba, kajipaka sabuni toka masikioni hadi mkiani. Mara maji yakakatika, kwi!

"Wewe Kindi! Maji yamekwenda wapi? Povu linaniingia machoni, yalaa!"

"Nimefunga koki, mzee wangu," Bi Kindi akajibu kutoka juu. Alikuwa amekalia tangi, miguu inaning'inia. "Tangi liko juu ya paa. Na paa ni la nani vile?"

Nyati akachungulia dirishani, sufuria kavu mkononi. "Mzee, tumepatikana!"

"Ni letu! Paa ni letu sote!" Kiboko akapiga kelele. "Fungua basi!"

"Nitafunguaje? Kikao hakijakaa."

Ikabidi Kiboko atoke uani vilevile, mweupe kwa povu, haoni mbele, Nyati kamshika mkono. Dhuu! Dhuu! Ti! Yule mtoto mdogo alicheka mpaka akasahau kukohoa.

Maji yakafunguliwa, chwaaa! Mchana huohuo Nyati akapandisha mabati, Bi Kindi akapigilia misumari, ngo! ngo! ngo! na Kiboko, kwa uzito wake, akabaki chini kushikilia ngazi.

Jioni mvua ikanyesha tena. Kitanda cha watoto kikabaki kikavu, nao wakalala fofofo.

"Bado linavuja, jirani?" Kiboko akauliza kutoka chini.

"Halivuji, mzee wangu. Paa letu ni zima!"

Basi, wanangu, cha wote kikiharibika, wakitengeneze wote.